Viwanda Ulivyoniachia, Kaka

Kaka yangu Ezekia,

Nakuandikia nikiwa Igamba, chumbani kwako, na kompyuta yako iko mbele yangu. Mama aliniambia niichukue tu, maana hapa nyumbani hakuna mwingine anayejua hata kuiwasha. Bado sijaweza kuiita yangu.

Unazikumbuka Jumapili zetu za Tunduma? Ulikuwa umepanga chumba jirani na yadi ya malori, nami nilikuja baada ya ibada. Ulipika wali na maharage, ukafungua ule mchezo wa vita kwenye kompyuta, tukakaa kitandani tukitawala nchi moja. Ulinielekeza taratibu: vita kuu iko miaka michache mbele, na kabla haijafika unachagua ujenge nini. Viwanda vya kiraia vinakuongezea nguvu ya kujenga vingine. Viwanda vya silaha vinatoa bunduki na vifaru. Ukikawia kwenye vya kwanza, vita inakukuta mikono mitupu. Ukikimbilia vya pili, nchi yako inadumaa.

Hapo ndipo tulipogombana kila mara.

"Bado kidogo," ulikuwa unasema. "Tujenge kwanza."

"Kaka, jirani ameshajaza askari mpakani!"

"Acha ajaze. Sisi tunakua."

Jumapili ya mwisho nilikasirika kweli, nikakuita mwoga. Ulicheka, ukauhifadhi mchezo, ukanisindikiza stendi. "Ukija tena tutaanza silaha," ulisema. Wiki ile ile ulikuwa unatoka Mbeya, na pale Nanyala lori lililofeli breki likaligonga gari ulilopanda.

Sikuigusa kompyuta kwa muda mrefu. Juzi mchana, mama akiwa uani anaanika kahawa, nikaiwasha. Nchi yetu ilikuwa pale pale ulipoiacha: viwanda vya kiraia kila mkoa, silaha karibu hakuna, adui mlangoni. Kukigeuza hata kimoja niliona ni kama kubomoa ukuta ulioujenga kwa mikono yako. Lakini nikiviacha hivyo, vyote vingechukuliwa. Nikageuza vichache kuwa vya silaha, na vilivyobaki nikavipa kazi ya kujenga vingine vya silaha.

Kaka, vilisimama kwa kasi ambayo sijawahi kuiona! Adui alivuka mpaka, akateka miji miwili, akakwama. Askari wetu hawakukosa bunduki. Nilipomrudisha alikotoka ndipo nilipoelewa kwamba bila ukaidi wako nisingekuwa na cha kugeuza. Nikapiga kelele ya furaha, nikageuka pembeni nikuambie.

Aliyekuja mlangoni ni mama. "Kuna nini?"

"Tumeshinda, mama. Mimi na kaka."

Nilijuta neno lile kabla halijaisha mdomoni. Mama akakaa kitandani, mikono yake bado inanukia kahawa, nami nikamweleza kwa kifupi habari ya viwanda vyako. "Viwanda alivyojenga yeye ni vipi?"

Nikamwonyesha mkoa kwa mkoa. Nikamwonyesha na vile nilivyovigeuza, sikutaka kumficha. Akasogelea kioo, akawaelekezea kidole askari waliojaa mpakani.

"Na watu wote hawa, nani anawalimia?"

"Humu hakuna mashamba, mama."

"Hakuna mashamba? Basi hiyo siyo nchi, mwanangu. Mlikuwa mnagombania nini?"

Tulicheka, kaka. Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu ghafla tukanyamaza, mama akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge, nami nikatazama sakafu, kama watu waliofumaniwa wakiiba. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika humu ndani tangu tukuzike.

Sitakudanganya: ushindi ule ulikuwa mtamu, na ndiyo maana siku nzima nilishindwa kula. Nimeshinda kwa jasho lako, na wewe hukuwepo hata kunitania. Jana mama aliniuliza, bila kunitazama, kama nitacheza tena. Nikasema ndiyo. Akasema nimwite.

Pumzika, kaka. Huku tunajaribu kucheka tena, na kila tukicheka tunakuomba radhi.

Mimi, mdogo wako wa kike