Mama, Mimi ni Beki

Mama,

Nimetoka Kiriri, kule mlimani kwa matajiri, sasa hivi. Miguu inauma, shati limelowa, mikono inanuka bia, na kabla sijaoga nimeona nikwambie wewe kwanza: bia ya Prezida wa timu nimeirudisha. Najua ungeshika kiuno ucheke, useme, "We Dezire, bia gani tena, si we hunywi?" Ngoja nikueleze. Mambo yaliyofanyika hapa mtaani kwetu Nyakabiga tangu utuache yananitia kichefuchefu, na kila ninayemwambia ananijibu "vumilia". Nimechoka na hilo neno.

Nianze na siku ya kuganduka, siku ile tulipofunga kilio chako. Unakumbuka ulivyokuwa ukiwatania watu wa upande wa Baba? Wewe mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, hukuzoea. Ulikuwa unachambua ndagala zako, dagaa wako wa kuuza, huku unasema, "Nyinyi Warundi, ndoa na bia, shamba na bia, kilio na bia. Mutu akishakunywa bia yako amekwisha sema ndiyo, hata kama hakusikia swali." Na Baba, alipokuwa hai, alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka, kwa sababu ni kweli. Basi Mama, ndicho kilichotupata. Tumefunga kilio chako na bia, na swali hatukulisikia.

Baba mdogo Gaspari ndiye aliyesimamia kila kitu. Dada yako hakuweza kuvuka, mpaka ulikuwa umefungwa, kwa hiyo upande wako hakukuwa na mtu wa kusema neno. Lakini watu walijaa! Watu ambao ulipokuwa umelala na homa hawakukuletea hata limau moja. Walikuja wamevaa vizuri, wakajipanga kwenye viti vya kukodi, shingo zote zimegeukia mlangoni wakingoja chupa. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, sawa, sikatai. Hawa lakini waliingia na vifungulio vya chupa mfukoni.

Halafu gari likaingia. Lile lile, Mama. Gari jeupe la Prezida wa timu yetu. Asubuhi ile ulipozidiwa, Baba mdogo alipanda Kiriri kwa miguu kwenda kumwomba gari tukufikishe hospitali. Akajibiwa getini kwamba petroli hakuna, ni embargo, nchi jirani zimetufungia mipaka, hata Prezida mwenyewe anateseka. Tukakupandisha kwenye baiskeli ya Bosco, kipa wetu. Bosco anasukuma, mimi nimekushika mgongo, na wewe, na homa yote ile, unamwambia Bosco aangalie mashimo. Tulipofika walituuliza kwa nini tumechelewa. Kwa nini tumechelewa! Sasa niambie, petroli ya kubeba bia ilitoka wapi? Makasha yalikuwa yamejaa nyuma mpaka dirishani. Nilisimama nikaangalia yanavyoshushwa, na watu wakapiga makofi. Walipiga makofi kwenye kilio chako, Mama. Ptu! Ningetema mate pale pale, ni vile tu ulinikataza kutema mate mbele ya wageni.

Prezida akasimama, akapandisha suruali juu ya tumbo, akaanza kukusifu. Jina lako halijui. Alisema "mama wa huyu kijana" mwanzo hadi mwisho, na watu wanatikisa vichwa kama vile anasoma Injili. Kisha akanigeukia. "Huyu mutoto anapotea kule nyuma. Beki hakuna mutu anamuona. Toka leo yeye ni wa mbele, na ni mi nitamulea." Akainua chupa. Baba mdogo Gaspari akawa wa kwanza kuinua ya kwake, wengine wote wakafuata, na yakawa yamekwisha. Hakuna aliyeniuliza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango na glasi yangu ya maji, kwa sababu ya ile sheria yako kwamba mchezaji hanywi.

Wewe unajua kwa nini ananitaka mbele. Wale wawili waliokuwa wanatufungia magoli hawapo tena. Mmoja ameingia jeshini, mwingine hatusemi alikokwenda. Na Prezida anataka magoli ili jina lake litajwe, na anaota kuniuza, mara Kigali, mara Ubelgiji. Anasema hivi hivi, kuniuza, huku ananishika bega na kulibinya kama mama sokoni anavyobinya parachichi. Aliniletea viatu vipya vya mpira. Vizuri, sitakuficha. Nilivivaa.

Jumapili nikacheza mbele. Na nilifunga, Mama. Mpira ulikuja kutoka pembeni, nikaupiga bila kuusimamisha, nikasikia wavu. Ilikuwa tamu, nisikudanganye, mwili wote ulisisimka. Nikageuka kutazama nyuma ya goli letu, kule ulikokuwa unakaa na beseni lako la ndagala. Hakuna mtu. Ukuta tu, na mbuzi mmoja. Utamu ukaniishia hapo hapo.

Baada ya pale walitumaliza. Nyuma palikuwa wazi kama nyumba isiyo na mlango. Bosco, maskini, golini peke yake, anaruka huku anaruka kule, anapiga kelele "Nani anabaki? Nani anabaki?" na hakuna anayebaki, kila mtu anataka na yeye afunge aonekane na Prezida. Tukapigwa vibaya. Na unajua walichofanya watu wetu mpira ulipokwisha? Walinibeba juu juu. Tumepigwa, wananibeba! Wanaimba jina langu! Prezida anatabasamu ndani ya gari, kioo amekishusha nusu. Nikiwa huko juu ya mabega yao nilimwona Bosco amekaa kwenye nguzo ya goli, anatoa mchanga kwenye soksi, na hakuna hata mmoja aliyempa maji. Nilisikia kinyaa, Mama. Na mimi mwenyewe nilijionea kinyaa, na viatu vyangu vile vinavyong'aa.

Nikajishusha, nikaenda kukaa naye. Ni yeye aliyeanza kukutaja.

Wewe na mimi tulibishana miaka kuhusu hili jambo. Mimi nataka kwenda mbele, wewe hutaki hata kusikia. "Mbele kila mutu anapataka," ulikuwa unasema. "Nyuma nani atabaki?" Nikivuka nusu ya uwanja hata kidogo, sauti yako ilikuwa inanifuata kutoka nyuma ya goli, "Kaa! Kaa hapo! Usifuate watu!" Wenzangu walinicheka mpaka wakanipa hilo kuwa jina, Kaa. Unakumbuka siku risasi zilipolia huko milimani katikati ya mchezo, watu wote wakalala kwenye majani, na wewe ukalala nyuma ya beseni la ndagala kana kwamba ni ukuta wa jeshi? Ziliponyamaza, mtu wa kwanza kusimama alikuwa wewe, na neno la kwanza lilikuwa "Dezire, rudi mahali pako, hao wanakuja!" Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Nilidhani ni mpira tu. Nilidhani una akili ya mpira kuliko makocha, na wallahi unayo. Lakini Bosco aliniambia Jumapili ile kwamba siku moja alikuuliza, wakati mimi nipo mbali nafunga kamba za viatu. Akakuuliza, "Mama Dezire, kwa nini humuachi aende mbele, ana mguu mzuri?" Ukamjibu huku unahesabu ndagala za mteja, hata hukuinua macho: "Kule mbele ni mbali. Siku hizi mutu akienda mbali harudi. Wacha nimuone hapa karibu."

Mama.

Na kipindi cha pili, timu zikibadilishana magoli, ulikuwa unajitwika beseni, unazunguka uwanja mzima na jua lile, unaenda kukaa nyuma ya goli lingine. Kila mchezo. Mimi nilidhani unafuata wateja.

Hapo nikainuka nikaenda kwa Baba mdogo. Nikamwambia sichezi mbele tena, na ile bia mimi sikunywa, nilikuwa na maji, kila mtu aliniona. Akanitazama kama nimemtukana marehemu baba yake. "We ni mutoto, tulikunywa kwa niaba yako. Bia ya mutu ikishapita kooni, neno limepita." Nikamuuliza, na huyo mtu aliyekunyima gari asubuhi ile, bia yake ilipitaje kooni kwako bila kukukwama? Alinyanyua kofia, akaiweka chini, akainyanyua tena. Mwisho akasema kwa sauti ndogo kwamba neno la bia linaondolewa na bia, ndiyo njia peke yake, unamrudishia mwenyewe, naye akiinywa, neno limekufa. Nadhani alisema hivyo kunikatisha tamaa. Nitapata wapi bia mimi?

Nikauza viatu. Vile vipya. Sikuvifikiria mara mbili. Nikapata kasha moja, limejaa, tukalifunga kwenye baiskeli ya Bosco, ile ile, mahali pale pale ulipokuwa umekaa wewe. Leo mchana tumepanda Kiriri. Bosco anasukuma, mimi nimelishika kwa nyuma lisianguke. Ule mlima, Mama! Magari yanatupita na vumbi lao, walinzi wanatuchungulia juu ya mageti. Njiani Bosco akasema, "Huyu ni mzito kuliko mama yako." Tukacheka mpaka tukalazimika kusimama, halafu nikalia, halafu tukaendelea kusukuma.

Baba mdogo alikuwa anatufuata. Tulimwona kwenye kona, ameshika koti mkononi, anahema, anatuita turudi tusimtie aibu. Hatukurudi, basi akaja naye.

Prezida alikuwa barazani na rafiki zake, wanakula mishikaki. Nilitua kasha mbele yake nikasema niliyokuwa nimeyapanga tangu bondeni: "Bia yenu hii. Neno lenu la kwenye kilio cha mama yangu tunawarudishia. Mimi ni beki." Sauti ilitetemeka kidogo mwishoni, usiwaambie watu. Wakacheka wote. Alicheka mpaka nyama ikamtoka mdomoni, akaiokota kwenye shati akaila. Nakwambia aliila! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu hata shibe haijui. Akasema mimi ni mjinga, bahati imenijia hadi nyumbani naifukuza. Akasema, "Bia yenyewe nitaikataaje, na jua hili?" Akachukua chupa, akaifungua kwa meno ili rafiki zake waone, akaimimina kooni yote, akajifuta na mkono. "Haya, rudi huko nyuma, uoze."

Nami nikawa nimeshageuka, nimeumia, nadhani nimeshindwa. Ndipo Baba mdogo Gaspari, ambaye tangu tufike alikuwa amejificha nyuma ya ua, akajitokeza amevua kofia. "Amekunywa," alisema. Rafiki za Prezida wakaacha kutafuna. Ni Warundi wale, wanajua. "Mumemuona wote. Kijana amerudisha, bwana mukubwa amekunywa. Yamekwisha." Prezida akatazama chupa ile tupu mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiweka pale. Akamtazama huyu, akamtazama yule, na hakuna aliyemsaidia. Ni sheria yake mwenyewe. Na Baba mdogo, usishangae, unamjua, akainama akachukua na yeye moja, akasema ni ya njiani.

Kwa hiyo kesho nacheza nyuma. Prezida anaweza kutunyima jezi, Bosco anasema tutavaa mashati yetu. Viatu nina vile vya zamani, ulivyovishona kwa uzi wa gunia. Bado vinashika. Bado nawachukia, Mama, nisikudanganye, wale wa vifungulio na wale wa makofi. Nikiliona lile gari jeupe nageuza njia, na sidhani nitaacha. Hilo sijui nilifanyeje, pengine utaniambia siku moja.

Lala salama, Mama wangu. Beseni lako nimeliosha, ingawa harufu ya ndagala haitoki, na sitaki itoke. Kesho nitaliweka nyuma ya goli letu. Na kipindi cha pili, magoli yakibadilishwa, nitajitwika mimi mwenyewe, nizunguke nalo uwanja mzima mbele ya watu, wacheke wakichoka waache, nikuweke tena mahali unaponiona.

Siendi mbali. Nakaa.

Mwanao,
Dezire