Nduru Niliyopiga Mbele ya Kamera

Jumapili jioni, Agosti 1976. Mvua imenyesha tangu alasiri, mvua ya huku kwetu Kiogoro isiyoomba ruhusa, na bado inadondoka kwenye migomba. Koo linaniuma. Nimekunywa chai ya tangawizi na sauti bado inatoka kama ya jogoo mchanga.

Shajara, leo nimeigiza katika filamu.

Nikiandika hivyo nacheka. Kisha natazama mlangoni, kicheko kinaisha.

Kwamboka ameondoka na basi la alasiri kurudi Nairobi. Yeye ndiye kifungua mimba wangu, na huko anasomea kazi ya kutengeneza filamu. Zamani watu wakiniuliza anasomea nini nilikuwa najibu ualimu, maana ualimu hauhitaji maelezo. Lakini tangu Ijumaa kijiji kizima kimejua, kwa sababu alishuka na kamera yenye miguu mitatu, mzigo wa nyaya, na kijana mrefu wa darasa lake anayeitwa Otieno, wa kutoka upande wa ziwa.

Ni mtihani. Mwalimu wao amempa kila mwanafunzi mkebe mmoja wa filamu, basi. Hawatakiwi kutengeneza hadithi nzima, ni mwanzo tu, dakika chache za kwanza za filamu ya kutisha, ile ya kumfanya mtu ashike kiti chake. Asiyefaulu haendelei mwaka wa pili. Wasichana darasani ni yeye peke yake. Hilo hakunieleza kwa uchungu, alilitaja tu, kama mtu anayetaja kuwa nje kuna baridi. Mimi ndiye niliyelala nalo.

Ijumaa aliketi nami jikoni nikichambua mboga za chinsaga, akanieleza. Alisema filamu za aina hii zina desturi zake kama harusi ilivyo na zake. Mwanamke awe peke yake. Tusikie kabla hatujaona. Mtu mbaya asionyeshe uso: kwanza viatu, halafu kivuli, halafu mkono kwenye komeo. Taa ififie. Mwisho mwanamke apige nduru, na hapo hapo jina la filamu litokee.

"Na kwa nini hafungi mlango?" nikamuuliza.

"Akifunga, Mama, sina filamu."

"Na majirani zake wako wapi?"

"Hana majirani."

Mboga ikaniganda mkononi. Hana majirani? Alikosea nini huyo mwanamke?

Kwamboka akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akasema mwanamke huyo ni mimi.

Nilikubali. Mtoto akikuomba uso wako utamnyima? Lakini hiyo nduru ilininyima usingizi.

Huku kwetu nduru si sauti ya kuchezea. Ukiisikia unaacha uji motoni, unashika chochote kilicho karibu, unakimbia. Huulizi ni ya nani. Hata kama jana mlitukanana kwa sababu ya mpaka wa shamba, unakimbia. Na mtu akiipiga bure leo, siku atakapoipiga kwa kweli watu watamaliza uji wao kwanza. Basi jana, Sabato, baada ya kanisa nikasimama langoni kuwaomba majirani ruhusa. Nikawaambia: kesho mchana mtanisikia nikipiga nduru, tafadhali msije, ni mambo ya shule ya Kwamboka.

"Yaani Mama Kwamboka unatuomba tusikuokoe?" akasema Mama Kerubo, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, mwanamke ambaye hata akinong'ona ng'ombe hugeuka.

"Kesho tu."

"Na mwizi wa kweli akifika saa hiyo hiyo?" Huyo alikuwa Mzee Ombati.

"Mwambie apange foleni," akajibu Mama Kerubo, na watu wakacheka na viatu vyao vya kanisani. Wote wakakubali kwamba hawatakuja.

Nilipokuwa nateremka nyumbani nikakumbuka gari la sinema.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru. Mimi na Baba Kwamboka tulikuwa tumerudi kutoka mashamba ya chai ya Kericho, huko tulikojifunza Kiswahili hiki ninachoandikia. Gari la serikali likaja uwanjani, wakatundika shuka jeupe kati ya nguzo mbili. Tulikuwa wengi kama siku ya mazishi ya tajiri. Baba Kwamboka alimbeba mtoto mabegani. Kwanza wakatuonyesha kunawa mikono. Halafu wakatuonyesha kupanda kahawa, na wazee wakabishana na shuka kuhusu nafasi ya mashimo. Mwisho wakaonyesha hadithi, na ndani yake mwanaume alikuwa ananyemelea mwanamke aliyekuwa anachota maji.

Uwanja mzima ukasimama.

"Geuka! Mama, geuka!" tulipiga kelele kwa Ekegusii, kana kwamba yule wa kwenye shuka aliijua. Jiwe likaruka likatoboa shuka. Baba Kwamboka akanishushia mtoto, akavua kabuti lake, akanitupia, akaanza kupenya kati ya watu kwenda mbele. Mwenye mashine ilibidi azime, atusihi tuketi, atueleze kwamba mwanamke huyo ni mzima na analipwa.

Njiani kurudi Baba Kwamboka aliona haya.  Tulipofika kijitoni akasema, "Afadhali nionekane mshamba kuliko kuketi tu nikitazama."

Na Kwamboka? Wakati sisi wote tulikuwa tunalitazama shuka, yeye alikuwa amegeuza kichwa nyuma, anatazama kile kitundu cha gari mwanga ulimokuwa unatoka. Nilidhani amelala macho wazi. Leo ndiyo naelewa alikuwa anatazama nini.

Baba Kwamboka ametuacha miaka mitano sasa. Kabuti lake bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Kwamboka alipouliza kama kuna koti refu la kumvisha muuaji, nikamwambia chukua hilo. Nilisema kama mtu anayeazimisha ungo.

Basi leo. Kwamboka alitundika blanketi dirishani, akaniwashia koroboi saa sita mchana. Alisema kamera itaamini kuwa ni usiku. Kuku waliamini kabla ya kamera, wakaingia kulala. Kinasa sauti akakiweka chini ya meza. Mimi nikawekwa kwenye kigoda na ungo wa maharagwe, nichambue kama mtu asiye na habari.

Mtu asiye na habari! Mimi ambaye hata mbwa akikohoa najua ni wa nani.

Tukafanya majaribio, Otieno akiwa ndiye muuaji, bado na shati lake tu. Huyo kijana ni mpole mno kwa kazi aliyopewa. Kila akifungua mlango kwa ukatili anasema, "Samahani, Mama." Na nduru yangu ilikataa. Ya kwanza Kwamboka akasema, "Mama, unaita kuku." Ya pili kuku kweli wakaamka. Ya tatu mbuzi wa Mzee Ombati akaitika kutoka bondeni, na muuaji akageukia ukuta mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Majirani hawakuja. Walikuwa wametimiza ahadi, huenda pia walikuwa wanacheka.

Kwamboka akaniambia, "Usijali, Mama. Toa ulichonacho." Lakini nilimwona akiupapasa ule mkebe kama mtu anayepapasa mtoto mwenye homa.

Akaitia kamera ufunguo kama saa. Ikaanza kunguruma.

Nikasikia hatua kwenye changarawe. Nikachambua maharagwe. Kivuli kikapita chini ya mlango. Komeo likasogea polepole, kisha mlango ukafunguka.

Nje kulikuwa na mwanga mweupe wa mchana, kwa hiyo uso sikuuona. Niliona kabuti. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kola imesimama upande mmoja kama ilivyozoeshwa na ule msumari. Mkono umeshika mwimo wa mlango. Pale pale. Pale aliposimama Baba Kwamboka siku ile akitoka kuuza chai, akashika mwimo, akasema, "Nipe maji," nami nikaenda kuyachota, na niliporudi na kikombe alikuwa ameketi kizingitini, ameegemea, na hayupo.

Nduru ikatoka. Siwezi kusema niliipiga. Ilikuwa ndani, ikapata mlango.

Sijui ilikaa muda gani. Najua kwamba haikuwa imeisha, nikasikia miguu. Si ya mtu mmoja. Mama Kerubo ndiye aliyetangulia, mwiko mkononi na ugali bado umeushika, nyuma yake Mzee Ombati na jembe, nyuma yao watu wa ng'ambo yote, hata wale tusiosalimiana. Waliingia kama mafuriko. Ungo ukaruka. Otieno akaona jembe, akaruka akajificha nyuma yangu na kabuti lake, amenishika kiuno.

"Mama, waambie! Mama, tafadhali!"

"Toka nyuma ya mama wa watu!" Mzee Ombati akanguruma.

"Ni filamu!" Kwamboka alikuwa analia nyuma ya kamera. "Tuliwaambia! Jana tuliwaambia ni filamu!"

Mama Kerubo alikuwa anahema, mwiko bado juu. "Mlituambia mtacheza. Zile za kwanza zilikuwa za kucheza, tukazisikia, tukaketi. Hii si ya kucheza. Hii naijua. Niliisikia siku ya Baba Kwamboka."

Jembe la Mzee Ombati likashuka. 

Akaweka mwiko mezani, akanikumbatia. Juu ya bega langu nadhani aliliona kabuti, maana nilisikia sauti yake imekuwa ndogo, sauti ambayo sikujua anayo. "Livue, mwanangu," akamwambia Otieno. "Livue polepole."

Nikawapikia chai wote. Ungefanyaje? Mzee Ombati alimweka Otieno karibu naye, akamkagua kama fahali wa mnada.

"Na ulikuwa unataka kumuua na nini?"

"Sijaambiwa bado, Mzee. Huu ni mwanzo tu."

Mzee akacheka mpaka akamwagia magoti chai. Nikacheka pia, machozi yakinitoka, sijui ni ya kitu gani.

Lakini nilikuwa namwona Kwamboka. Hakuwa amegusa kikombe. Alikuwa ameketi kando, anauzungushia ule mkebe utepe mweusi. Kamera ilikuwa imenasa mlango, kabuti, nduru, halafu imenasa Mama Kerubo na ugali wake, na hapo filamu ikaisha. Desturi zote alizonieleza zimevunjwa mbele ya jicho la kamera. Mwanamke hakuwa peke yake hata kidogo. Muuaji alijificha nyuma ya anayeuawa.

"Kuna mkebe mwingine?" nikamuuliza polepole.

"Hakuna, Mama."

Basi nimemharibia. Hilo ndilo nililotembea nalo njia nzima ya kwenda barabarani, nimembebea kikapu cha ndizi kichwani ili asione uso wangu. Msichana mmoja darasa zima, na mama yake amekula mtihani wake. Otieno alitangulia na mizigo. Kwamboka alitembea kando yangu, mvua ndiyo inaanza. Tulipofika kituoni nilikuwa tayari nimepanga maneno ya kumwomba msamaha.

Hakuniuliza habari ya filamu.

Aliniuliza, "Mama, Tata alisema nini siku ile?"

Tata, ndivyo alivyomwita baba yake. Alikuwa shule ya bweni baba yake alipofariki. Alifika mazishini na sare yake, na tangu hapo hakuwahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kumwambia. Niliogopa kumpa mzigo, yeye aliogopa kuniongezea wangu. Miaka yote tumepitisha chumvi mezani bila kulitaja.

"Aliomba maji," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Basi likaonekana kwenye kona. Alinishika mkono, mkono wake mwingine umeukumbatia mkebe ndani ya sweta, akasema, "Nitaikata pale majirani wanapoingia. Au sitaikata. Sijui bado, Mama." Akapanda. Dirishani alikuwa anatazama nyuma, kama vile siku ya gari la sinema.

Kwa hiyo sijui. Nimeketi hapa na koo langu, sijui kama nimemharibia au la, na majibu hayatakuja leo. Kabuti nimelirudisha kwenye msumari wake. Kola nimeiacha ilivyo.

Nawaza kile chumba cha Nairobi. Mwalimu na wanafunzi wameketi gizani, wamesoma, wanajua desturi. Nduru yangu itatoka kwenye kisanduku cha sauti. Nao wataketi tu, maana wamefundishwa kuketi. Baba Kwamboka angekuwa humo, angekuwa ameshavua kabuti.

Je, hakuna hata mmoja atakayesahau? Naomba mmoja tu. Naomba kiti kimoja kilie, mtu akiinuka.

Mama Kerubo amesahau mwiko wake hapa mezani, ugali umekauka juu yake. Nimeuosha. Kukipambazuka nitavuka kijito nimrudishie, na nitamshukuru kwa kuwa nilimwomba asije, naye akaja.