Nyuzi za Kukatika Upesi

Shoga, uko wapi? Wifi yangu kaniua leo!

Si unajua kaka kaanza kujifunza fidla, nyumba nzima hatupumui? Leo kamtuma mkewe akamchagulie nyuzi mpya. "Zenye sauti tamu," kamwambia. Nikamsindikiza hadi duka la ala za muziki.

Muuzaji kamtandazia za chuma na za utumbo wa kondoo. Wifi anazivutavuta kama anachagua uzi wa kushonea. Kisha kainama, kanong'ona: "Eti, zipi hukatika upesi?"

Zinazokatika upesi! Kauliza hivyo hivyo, macho makavu!

Muuzaji akadhani hakusikia vizuri. Wifi akapaza sauti: "Nataka zikatike kabla hajamaliza wimbo! Mume wangu akishika fidla, nyumbani hakukaliki. Paka keshahama!"

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Shoga, pazia likafunguka. Mwalimu wake kaka! Mwalimu mwenyewe, kashika fidla aliyokuwa akiikagua!

Wifi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mimi huyo, nyuma ya ngoma, nimeuma mtandio nisicheke.

Mwalimu akamtazama wifi. Akazitazama nyuzi. Akamgeukia muuzaji, taratibu kabisa:

"Mpe za utumbo, zile nyembamba. Na za akiba usimuuzie."