Mwanamke Aliyefagia Njia

Kwa Katekista Justus,
Goweko,
17 Agosti 1947

Mume wangu Raymundi,

Unangoja salamu? Subiri kwanza. Karanga tumevuna mara mbili na wewe hujakanyaga hapa. Treni ya kutoka kwenu Dodoma naisikia nikiwa jikoni. Inashusha wanunuzi wa tumbaku, inashusha hata mbuzi. Wewe tu haikushushi.

Haya, hujambo sasa? Kifua kimepona? Unakula ukashiba? Shikamoo zako zote nimeziitikia marahaba, hata ile ya mwisho uliyoiweka kwa haraka. Mimi mzima, ila goti. Anayeandika ni Tekla, binti wa katekista, na nimemkataza kunirembea maneno.

Barua yako alinisomea uwanjani, kurasa tatu. Nilidhani unaleta habari ya posa. Kumbe unamwandikia bibi yako habari za Nyamizi, yule wa hadithi niliyowasimulia wewe na ndugu yako Bernardo mkibangua karanga! Mumewe alibeba pembe na msafara kwenda pwani. Kila asubuhi Nyamizi akafagia njia, toka mlangoni hadi barabara kuu, mume asije akajikwaa na mzigo. Miaka ikaenda. Mume akarudi ana mvi, bega limeota sugu. Nyamizi hakuinua uso. Akamwambia, "Pisha, baba, unanichafulia njia. Mume wangu anakuja." Na yule mume akapisha. Mlikuwa mkilia hapo, wewe zaidi.

Sasa unasema daktari wa hospitali yenu ya wagonjwa wa akili anawafundisha majina ya maradhi, nawe umempima Nyamizi. Ukurasa wa kwanza ana melankolia, huzuni iliyoganda. Wa pili unaikataa hiyo, unasema akili yake imeukataa msiba. Wa tatu anaona visivyokuwapo. Tekla alijikwaa kwenye hayo majina hadi akatoka jasho. Umempima vizuri, mjukuu wangu, mtu asiye na mshipa wa kushika.

Lakini kurasa tatu, na mama yako hukumtaja hata kwa salamu.

Sikusoma mimi, ila ukimwandika Nyamizi najua unamwandika nani. Mama yako Koleta anafagia, Raymundi. Alianza Bernardo alipokwenda na jeshi la Keya kupigana vita vya Bama, toka mlangoni hadi karibu na stesheni, na sasa anafagia hata jua la mchana likiwaka. Juzi alimkimbiza katekista na ufagio kwa sababu ya nyayo zake. Watu walicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya ghala nikalia. Amekonda. Nikimpa michembe ya viazi anamwekea Bernardo nusu, na kuku ndio wanaoila.

Najua pia kilichokufukuza. Ulikuja na kaki zako za kazini, akakuambia, "Pisha, kaka, mwanangu anakuja." Wewe aliyekuzaa! Ukapisha, ukaondoka na treni ya siku ileile. Siku ile sikukulaumu. Leo nakulaumu.

Na mimi nijilaumu. Kuna kipande cha hadithi sikuwapa, nilikiruka kwa kuwa hakina wimbo. Kila msafara ulipopita, majirani walimwambia Nyamizi, "Mumeo yuko nyuma, amekawia Ugogo." Hawakujua lolote, walimwonea huruma tu. Wao ndio waliompa ufagio.

Ile karatasi ya bomani iliyosema Bernardo amekufa tunaijua mimi, wewe, na Tekla aliyeisoma. Koleta nilimwambia inasema mwanawe ameumia mguu, yuko hospitali Mombasa. Nilitaka alale siku moja tu. Siku moja imekuwa miaka miwili. Akiuliza naongeza: mguu unapona, meli imechelewa, treni imejaa. Wewe ulinisikia nikidanganya, ukanyamaza. Sasa muulize daktari wako, sisi tunaodanganya kwa huruma, ugonjwa wetu anauitaje?

Majirani wanasema afungwe kamba aletwe kwenu. Dawa siikatai. Lakini hatapelekwa popote kabla hajaambiwa kweli, na ikimshinda, utampeleka wewe kwa mkono wako. Jumapili nilimshika nikafungua mdomo. Nikajikuta nasema tena treni imejaa. Peke yangu siwezi, baba. Akianguka, mikono hii haitamwinua, na nikifa kabla sijasema, atafagia mpaka azikwe.

Shangazi yako Josepha wa Ntalikwa anakusalimu. Mzee Saidi, fundi viatu wa stesheni, anauliza kama Dodoma wanatembea pekupeku, maana huleti viatu. Tekla naye anakusalimu, ingawa nimemlazimisha kuiandika hiyo. Mungu akulinde na wagonjwa wako, akulinde na hizo akili zako nyingi pia.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikutukana,
Apolinaria (hapo ni dole gumba langu)

Tekla, usikunje kwanza, ongeza. Ukija, kaki ziache Dodoma. Usizunguke mashambani kama mwizi, pita katikati ya njia aliyoifagia mama yako. Nitakuwa nimesimama kando yake. Taja jina lako kwa sauti, kisha ushike ufagio upande mmoja, tumwambie. Na akikuambia pisha, usipishe.