Alama ya Kujumlisha

Newala, Jumanne

Neno moja tu, mfululizo, na mwanafunzi wangu Somoe ameondolewa mchepuo wa sayansi.

Swali la mtihani lilisema: andika mfululizo unaoanza na mbili na kuongezeka kwa tatu. Akaandika mbili, tano, nane, kumi na moja, akizitenganisha kwa mkato. Kitabu cha zamani nilichomfundishia ndivyo kinavyosema. Lakini siku hizi kila mfanyabiashara analeta vitabu vyake, na hiki kipya kinasema huo ni mfuatano tu. Mfululizo ni pale namba hizo zinapojumlishwa. Mkuu wa idara alitunga swali kwa kitabu kipya, akamnyima alama.

Nilimpelekea vitabu vyote viwili.

"Kipya ndicho sahihi," akasema.

"Sawa, lakini darasani hawajakiona!"

"Mwalimu, matokeo yameshabandikwa."

Nimekasirika. Kipya kiko sahihi, najua, ila...

Alasiri Somoe alikuja nyumbani, kwa miguu kutoka kwao Makote. Aliniamkia, akakaa, akauliza, "Mwalimu, mvua ikinyesha mfululizo, nani huijumlisha?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Kwani nilikosea?"

"Hukukosea. Ulijibu nilivyokufundisha."

"Basi naomba uniandikie hivyo, nikamwonyeshe baba. Anasema kama sayansi imenishinda, nibaki nyumbani tuokote korosho."

Nimemwandikia barua, nikaweka sahihi. Mkuu wa shule akiiona ataniita, na ninaogopa. Nakala ya pili nitampelekea mkuu huyo mimi mwenyewe asubuhi.