Kipande cha Pili cha Wimbo Wako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini sijawahi kuanza kuongea nawe bila shikamoo, sitaanzia leo.

Fidla yako ninayo hapa Tottenham. Ilikaa sana juu ya kabati. Tangu baba Rahma aende zake sikuwa na hamu hata ya kuwasha redio. Natoka kazini kwa wazee ninaowatunza, namchukua mtoto, tunapanda basi, tunafunga mlango. Namsemesha Kiswahili, ananijibu, "Okei, mami."

Jumapili moja mchana nikasikia fidla ndani ya ukumbi wa mtaani. Nikachungulia. Waairishi, wengi wao watu wazima, wamekaa duara na fidla, filimbi na kodiani, wanapiga nyimbo za kwao. Karatasi hakuna. Mmoja anaanza, anayeujua wimbo anaingia, asiyeujua anaweka chombo mapajani na kusikiliza. Nikakukumbuka kule kwenye klabu yenu ya taarabu, ulivyokuwa ukinikalisha nyuma ya wapigaji. "Masikio kwanza, mwanangu. Huo mkono una haraka ya nini?"

Basi nikawa naenda, fidla mgongoni, Rahma mkononi. Nimeshika nyimbo zao mbili, za mbio, zinanitoa jasho. Bibi mmoja wa filimbi, Bridi, ndiye anayenipigia polepole mpaka ziingie. "Mbona unauvuta hivyo huo upinde?" aliniuliza. "Hizi nyimbo ni za kucheza, hatuziki mtu." Ungempenda, baba.

Jumapili iliyopita akanigeukia. "Leo anza wewe. Wa kwenu."

Nikaanza ule uliokuwa ukiupiga barazani ukimsubiri mama arudi. Hakuna aliyeujua. Wote vyombo mapajani, mimi napiga peke yangu katikati yao. Hata chumbani kwangu sijawahi kuwa mpweke vile. Kipande cha kwanza kikaisha, cha pili hakikuja. Nikarudia cha kwanza. Nikarudia tena, na hapo nikasikia filimbi ya Bridi ikinifuata kwa chini, kisha kodiani, kisha duara zima.

Tulipomaliza akauliza, "Na kipande cha pili?"

"Alikuwa nacho baba."

Akaifuta filimbi yake taratibu. "Haya, tutakingoja."

Nimempigia mama simu, hakikumbuki. Wenzako wa klabu wote wametangulia. Nimelia, baba, kama ndiyo kwanza tunakuzika.

Sasa hivi Rahma yuko sakafuni na midoli yake, anauimba wimbo wako. Akifika pale ninapokwama, yeye hasimami. Anaendelea na vyake tu, ovyo ovyo, bila aibu. Nimemwambia, "Rudia, mama." Amerudia, kingine kabisa. Nimeishusha fidla kabatini, namfuata.

Jumapili nitawapelekea kipande cha pili. Hakitakuwa chako. Ukikisikia huko, usinicheke sana.

Mwanao,
Mama Rahma