Waya wa Breki

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Lipangalala mpunga umeshaingia ndani, na babu yako bado anaziba masikio nikiwasha spika.

Unauliza kama uache gitaa la roki kwa kuwa wenzako wanasema ni kelele. Nilipokuwa msichana, kwenye harusi moja kule Mofu, waliniambia hivyohivyo, na uzi wa gitaa ulipokatika wakashangilia. Nikachomoa waya wa breki ya baiskeli yangu, nikaufumua, nikafunga uzi wake mmoja, nikaendelea kwa sauti ileile. Wengi wakaondoka. Babu yako alibaki, masikio ameyaziba, kisha akanisaidia kukokota baiskeli hadi nyumbani.

Vidole vinauma siku hizi, lakini Jumamosi napiga. Wewe usipunguze sauti. Atakayebaki utamwona.

Bibi yako, mpiga gitaa